Waliziba pumzi ya alternata yangu, kisha wakaniambia niwaachie umeme

Hii gereji iko upande wa Kibuye hapa Kisumu, na wanaopitia pale wataijua. Nilipeleka Probox yangu kwa sababu alternata, ile mashine inayozalisha umeme wa gari na kuchaji betri, ilikuwa inalia. Ilikuwa beringi tu. Kijana aliyeibadilisha namsifu kwa moyo: alinionyesha zile za zamani zilivyokauka grisi, akawasha gari, mita ikasoma volti 14.2. Nikalipa nikiwa nimeridhika kabisa.

Kumbe mwenye gereji alikuwa ameamuru matundu ya nyuma yajazwe silikoni, eti vumbi lisiingie. Bila kuniuliza! Jamani, matundu yale hayakuwekwa kwa urembo. Alternata ya gari kama hili haipozwi na maji, inapozwa na hewa. Ndani kuna feni mbili zilizoshikana na rota, ile sehemu inayozunguka, moja kila upande, zinavuta hewa kupitia matundu ya mbele na ya nyuma na kuitoa ubavuni, penye koili za waya. Dayodi, vile vipande vinavyonyoosha umeme ili ufae betri, ziko huko huko nyuma, nazo joto zikizidishiwa hazidumu. Sasa ukiziba nyuma, feni itavuta nini?

Nikapanda nayo Kericho jioni moja ya mvua. Taa, waipa, feni ya kukausha kioo, vyote vinadai umeme, na mlima unapandwa polepole nyuma ya malori. Nilipopita Awasi taa ya betri ikaanza kuwaka kwa mbali, halafu ikakolea. Ikaja harufu kali ya vanishi ya koili inayoungua. Nilifika Kericho taa za mbele zimefifia hivi kwamba gari zilizotoka juu zilikuwa zinanipigia honi. Na watoto wako kiti cha nyuma.

Fundi wa waya wa Kericho alichokoa na bisibisi, akatoa donge jeusi la silikoni lenye alama za matundu yote, kama ufizi uliotoka na meno. Dayodi zilikuwa zimeungua.

Nilirudi Kibuye na lile donge mkononi. Mwenye gereji hata hakuinuka kitini. "Mama, wewe endesha gari, mambo ya umeme tuachie sisi." Mbele ya wateja! Nikamuuliza hewa itapitia wapi. Akageukia simu yake.

Nilitaka kuwapa nyota tatu, kwa sababu ya yule kijana. Beringi zake mpaka leo hazijalia. Lakini nikikumbuka ile "mama, wewe endesha gari", na giza la Kapsoit njiani kwenda Kericho na watoto nyuma, hapana. Nyota moja, na hiyo ni ya kijana peke yake.

Ukilazimika kwenda, omba huyo kijana akushughulikie, na kabla hujalipa mulika tochi nyuma ya alternata. Ukiona silikoni kwenye matundu, usitoke getini mpaka waing'oe. Mimi pesa ya dayodi bado nawadai.