Uzoefu wangu na pengwini wa Boulders Beach: nenda, ila usiwasogelee

Nimerudi Dar kutoka Cape Town mwisho wa Novemba na watu wananiuliza sana kuhusu picha za pengwini nilizopiga kule, kwaio ngoja niandike mara moja. Boulders, ufukwe wa pengwini pale Simon's Town karibu na Cape Town, ni pazuri mno na nikipata nauli leo narudi. Ila nilienda siku mbili, na siku ya kwanza nilitoka pale roho inaniuma kabisa.

Hiyo siku ya kwanza nilikata tiketi ya safari ya kampuni moja ya watalii (jina naliacha), ile ya kuzungushwa mpaka Cape Point na kurudi, pengwini wamepangiwa dakika arobaini tu. Tumefika saa sita mchana, njia ya mbao imefurika watu, na muongozaji wetu anatuhimiza fasta fasta pigeni picha twende, tena akamwambia dada mmoja wa kundi letu pitisha mkono chini ya uzio utapata selfi nzuri. Dada wa watu kapitisha, pengwini akamdonoa kidole mpaka damu ikatoka, maana ule mdomo wake ni wembe. Mi sikumlaumu yule dada, hakujua, ila mtu uliyemlipa akuongoze ndo anakwambia hivyo? Nikakumbuka Kizimkazi, zile boti zinavyomzingira pomboo mpaka anakosa pa kuibukia apumue. Nilikaa kimya safari nzima ya kurudi mjini.

Kesho yake nikachukua Uber mwenyewe, nikafika geti ndo linafunguliwa. Nikaenda upande wa Foxy Beach, kule kwenye majukwaa ya mbao juu ya mchanga, nikachagua kona nikakaa, simu mfukoni, sijaongea na mtu. Haikupita nusu saa pengwini wawili wakaja wenyewe, wakapita chini ya mbao nilizokalia, nikawa nasikia kucha zao zinakwaruza. Urefu wake ni wa gotini hivi, au juu yake kidogo. Juu ya jicho ana kiraka cha ngozi ya pinki kisicho na manyoya, damu inapelekwa pale ili joto la mwili litoke, na jua lilivyozidi kupanda na ile pinki ikazidi kukolea. Mmoja akanyanyua kichwa akalia, wallahi ni punda, ukifumba macho unajiona uko Lamu.

Aliyenishika zaidi alikuwa peke yake karibu na kichaka, manyoya yanapukutika, kifuani mabaka mabaka, shingoni kabaki na kishungi kimesimama kama pamba iliyochambuliwa. Watu wanapita wanasema maskini anaumwa, mmoja akataka kumrushia mkate. Haumwi jamani. Kila mwaka wanabadilisha manyoya yote kwa mkupuo, kama wiki tatu hivi, na muda wote huo hawezi kuingia baharini kwa sababu manyoya hayazuii maji na lile bahari ni la baridi kweli kweli, kwaio anasimama tu hali chochote, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Uzito unashuka karibu nusu. Sasa huyo ukimshtua akakimbia, unamchomea akiba ambayo hana pa kuifidia mpaka arudi baharini. Mi nilimwangalia zaidi ya saa nzima, alihama mara moja tu, hatua tatu, kufuata kivuli.

Na hawa siyo wengi kama tunavyodhani ukiwaona wamejaa pale ufukweni. Boulders yenyewe ilianza na jozi mbili tu mwaka 1982, ndo wakaongezeka, lakini ukichukua pengwini wa Afrika wote kwa ujumla, jozi zinazozaliana hazifiki elfu kumi, na mwaka 2024 wakaingizwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Zamani watu walikuwa wanakusanya mayai yao wanakula, wakakwangua samadi ya ndege visiwani wakaiuza mbolea, kumbe pengwini walikuwa wanachimba viota humo humo, wakabaki wanaatamia juani. Ndo maana ukienda utaona vile viota vya kutengenezwa vimepangwa vichakani. Siku hizi shida kubwa ni chakula, sadini na anchovi, yaani dagaa, wanagombania na meli za uvuvi. Machi 2025 mahakama iliamuru uvuvi wa hao samaki kwa nyavu za kuzingira ufungwe kuzunguka makoloni sita (yaani sehemu pengwini wanapokaa na kuzaliana kwa wingi) kwa miaka kumi, Robben Island ikiwemo, na mi nilipoisoma hiyo nilifurahi sana.

Kwa anayetaka kwenda: beba pasipoti, Watanzania tupo SADC na kuna bei yetu ya chini kuliko ya mgeni wa kawaida. Nenda asubuhi siku ya kazi, maana wikiendi ni msongamano. Usiende na droni, wala chakula cha kuwapa, na ukimuona anatoka majini anapandisha kiotani usisimame kwenye njia yake, atasubiri mpaka uondoke na huenda kuna kifaranga kinamngoja. Kwenye ule ufukwe wa kuogelea wenye mawe makubwa pengwini wapo pia, hapo hakuna uzio kati yenu, kwaio wewe ndo ukae mbali, akija yeye tulia tu. Alafu kwenye paking, kabla gari halijawashwa inama uangalie chini, kuna vibao vimeandikwa hivyo na watu wanavipita tu, mi nilimkuta mmoja amelala kivulini nyuma ya tairi la Uber yangu. Dereva alikuwa muungwana, akazima redio tukasubiri pembeni mpaka pengwini akaondoka mwenyewe.

Njia ya mbao na mpangilio wa pale nawapa tano kwa tano, ile kampuni ya siku ya kwanza moja. Nikijaaliwa kurudi nitaenda na Stony Point, kule Betty's Bay, nako kuna koloni na njia ya mbao, na safari hii nabeba koti zito maana ule upepo wa asubuhi ulinipiga haswa.