Kadi ya mkopo isiyo na ada ya nje: nimeridhika nayo

Kadi niliyotumia likizoni haitozi ada ya miamala ya nje, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa. Benki nyingi huongeza hadi asilimia 3 juu ya kiwango cha kubadilishia fedha cha Visa au Mastercard, na msafiri huyaona makato hayo taarifa ya mwezi inapofika. Viwango vyenyewe havifichwi: mitandao yote miwili ina kikokotoo kwenye tovuti yake. Nililinganisha bili ya hoteli na kikokotoo hicho, hesabu zikaoana hadi senti. Vibanda vya kubadilishia fedha uwanja wa ndege havikukaribia hapo.

Kinachonikera ni mashine za malipo. Zinakuuliza kama ungependa kulipa kwa sarafu ya kwenu. Kataa! Ukikubali, kiwango kinapangwa upande wa mfanyabiashara na faida yao imo humo humo. Kadi yako nzuri haikusaidii kitu. Mhudumu mmoja alinibonyezea bila kuniuliza. Nilimwomba afute aanze upya, akafanya bila ubishi.

Kutoa fedha taslimu kwa kadi hii sipendekezi, maana riba huanza kuhesabiwa siku ile ile.