Uzoefu wangu na Hadolint: mkaguzi wa Dockerfile katika ofisi yetu ya Kisumu

Alasiri moja ya mvua za masika, karani wa chama cha ushirika cha maziwa upande wa Nandi alinipigia simu kunieleza kwamba majina ya vituo vya kupokelea maziwa yametoweka kwenye simu za makarani wote. Mfumo wenyewe ulikuwa hai, kurasa zilifunguka na kumbukumbu za seva hazikuonyesha kosa lolote, lakini pale ambapo orodha ya vituo hushuka palikuwa peupe. Nilikaa nalo hadi jioni. Hatimaye nilifungua kontena lenyewe (sanduku ambamo Docker huendesha programu ya mfumo), nikakuta faili ya vituo ipo mahali pake, ina jina lake sahihi, na ukubwa wake ni baiti 0.

Chanzo kilikuwa mstari mmoja wa Dockerfile (faili ya maagizo ambayo Docker huyafuata kujenga taswira, yaani kiolezo cha kuanzishia kontena), ambao niliuandika mwenyewe na kuuamini kwa miezi kadhaa:

RUN curl -s $VITUO_URL | sed 's/;/,/g' > /app/data/vituo.csv

Intaneti ya ofisi ilikatika kwa muda mfupi ujenzi wa taswira ukiwa katikati. Amri ya curl, inayopakua orodha, ilishindwa, tena kimyakimya kwa sababu ya ile -s inayoizuia kutoa ujumbe, na amri ya sed, inayobadilisha nukta mkato kuwa mikato, ikapokea hewa tupu, ikaibadilisha hewa tupu kuwa hewa tupu, ikamaliza kazi yake salama. Katika ganda la kawaida (programu inayopokea na kutekeleza amri), amri zinapounganishwa kwa alama ya paipu, ile |, matokeo yanayohesabiwa ni ya amri ya mwisho pekee. Docker iliona sed imefaulu, ikafunga tabaka la taswira la hatua hiyo na kuendelea. Nasi tukaipeleka taswira hiyo kwenye seva bila shaka yoyote.

Wiki hiyohiyo nilisakinisha Hadolint. Ni programu huria, ya bure, iliyoandikwa kwa lugha ya Haskell, ambayo husoma Dockerfile na kuichanganua maagizo yake moja baada ya jingine, kisha huyapima kwa kanuni zake. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba ndani yake imebeba ShellCheck, mkaguzi wa hati za ganda, kwa hiyo hata amri za ganda zilizo ndani ya RUN hukaguliwa kama hati ya ganda inayojitegemea. Nilipoipa faili yetu ile ya zamani, mstari wangu ulipata maonyo mawili: DL4006, linalosema kwamba panapotumika paipu ni lazima chaguo la pipefail, linalofanya kosa la amri yoyote kwenye paipu lihesabike, liwekwe kwanza, na SC2086, kwamba kigezo cha anwani, $VITUO_URL, hakikufungwa kwa alama za kunukuu. Kusema kweli niliumia, kwa sababu onyo la kwanza lilikuwa ndilo hasa tatizo lililowafanya makarani waandike lita za maziwa kwenye daftari siku nzima.

Marekebisho yalikuwa mafupi. Kwa kuwa taswira yetu imejengwa juu ya Debian, aina mojawapo ya Linux, tuliweka agizo SHELL ["/bin/bash", "-o", "pipefail", "-c"] kabla ya mstari huo, na sasa curl ikishindwa ujenzi wote unasimama papo hapo. Niongeze jambo ambalo Hadolint haikuniambia: curl bila chaguo la -f huhesabu hata jibu la 404 (ukurasa haupatikani) kuwa mafanikio, na ukurasa wa kosa ungeingia kwenye faili ya vituo kana kwamba ni data. Hilo ilinibidi nilijue mwenyewe.

Tuliiweka programu hii mahali patatu, na uzito wa sehemu hizo haulingani hata kidogo.

Mahali penye faida kubwa kuliko pengine pote ni ndani ya kihariri, programu ya kuandikia msimbo. Ninatumia VS Code, ambako kuna kiendelezi cha Hadolint, ila ni lazima programu yenyewe iwe imesakinishwa kwenye kompyuta, la sivyo kiendelezi hakina cha kuita. Kwenye Linux nilipakua faili moja tu, nikaipa ruhusa ya kutekelezwa, kazi ikaisha. Mwenzangu anayetumia Neovim, kihariri kingine, aliiunganisha kupitia kiendelezi cha ALE, naye anapata maonyo yaleyale. Tangu hapo, mtu akiandika FROM python:latest, mstari huchorwa chini kabla hajanyanyua mkono kwenye kibodi, pamoja na namba ya kanuni DL3007 na maelezo kwamba taswira yenye lebo ya latest inaweza kubadilika bila taarifa.

Nilishuhudia thamani ya jambo hili kwa kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya kazini. Alikuwa ameandika agizo moja la RUN la apt-get update na apt-get install (apt-get ni kisakinishi cha vifurushi cha Debian), kisha agizo la pili la kufuta orodha za vifurushi zilizo kwenye /var/lib/apt/lists, akidhani kwamba kwa kufanya hivyo amepunguza ukubwa wa taswira. Kihariri kilimwonyesha DL3009. Akaniita: "Madam, mbona kinalalamika nisafishe na mimi nimeshasafisha?" Nilivuta kiti, nikamweleza kwamba kila RUN huacha tabaka lake, na kwamba kinachofutwa katika tabaka la juu hubaki kimezikwa katika tabaka la chini na bado husafirishwa pamoja na taswira. Aliunganisha maagizo hayo kuwa moja, akaongeza --no-install-recommends, ili visisakinishwe vifurushi vya ziada vinavyopendekezwa tu, kama DL3015 inavyoshauri, akajenga upya. Mazungumzo hayo yalichukua dakika chache kwa sababu kosa lilikuwa bado mbichi mbele ya macho yake. Ofisini kwetu, ambako mara nyingine tunasukuma taswira kwa bando la simu stima ikipotea, kupunguza ukubwa wa taswira ni kupunguza gharama halisi.

Mahali pa pili ni kabla ya komiti (kuhifadhi mabadiliko ya msimbo katika Git), kupitia programu ya pre-commit. Hadolint hutoa vikagua viwili huko, kimoja kinachotumia programu iliyosakinishwa na kingine, hadolint-docker, kinachoiendesha ndani ya kontena. Kwenye kompyuta zetu za umri mkubwa nilichagua cha kwanza, kwa kuwa kusubiri kontena liamke kwa kila komiti huwafanya watu watafute njia ya kukwepa ukaguzi. Mahali pa tatu ni GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha ukaguzi na ujenzi kiotomatiki, ambako kuna hadolint-action iliyo tayari. Huko kazi yake ni kuwa mlango wa mwisho tu, na onyo linalofika huko limechelewa.

Sasa nieleze lililonikera. Kanuni ya DL3008 inataka kila kifurushi kinachosakinishwa kwa apt-get kitajwe pamoja na toleo lake kamili. Tuliitii kwa bidii mwanzoni, tukaandika matoleo kamili ya vifurushi vyote. Haikuchukua muda, ujenzi uliokuwa ukifaulu jana ukakataa leo bila sisi kugusa chochote, kwa maelezo kwamba toleo tulilotaja halipatikani. Hifadhi za Debian huondoa toleo la zamani sasisho la usalama linapotoka, kwa hiyo kutaja toleo kamili kunaweza kukufungia nje siku ileile unayohitaji sana kujenga. Kwa vifurushi vya pip, kisakinishi cha Python, hali ni tofauti, kwa sababu matoleo ya zamani kwa kawaida hubaki pale, na kanuni ya DL3013, inayotaka matoleo ya vifurushi hivyo yatajwe, tunaifuata bila ubishi. Lakini DL3008 tuliizima katika faili ya .hadolint.yaml, na juu ya mstari huo tukaandika sababu kwa maneno yetu, ili atakayekuja baadaye asidhani tulikuwa wavivu. Nashukuru kwamba programu inaruhusu hilo, na kwamba inaruhusu pia kusamehe agizo moja pekee kwa kuandika maoni ya # hadolint ignore juu yake. Tulipandisha pia kiwango cha kushindwa hadi warning, kwa kuwa kwa kawaida hata taarifa ndogo za kiwango cha info huangusha ujenzi, na timu iliyozoea kuona wekundu kila siku huacha kuusoma.

Anayetaka kuitumia ajue pia mipaka yake. Hadolint haijengi taswira wala haiangalii kama vifurushi ulivyosakinisha vina udhaifu wa kiusalama unaojulikana; hiyo ni kazi ya programu nyingine. Haisomi faili za Compose, zinazoeleza jinsi ya kuendesha makontena kadhaa pamoja. Na kuna pengo moja ambalo naliona la hatari zaidi kwa wanaoanza: kanuni ya DL3002 hulalamika pale agizo la mwisho la USER linapotaja root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), lakini faili isiyo na USER kabisa hupita salama, ingawa kontena lake nalo huendeshwa kwa mamlaka ya root. Nilikagua faili zetu zote kwa mkono kwa ajili ya jambo hilo pekee, nikakuta mbili za namna hiyo, zote zikiwa na alama ya kijani.

Pamoja na hayo, siko tayari kufanya kazi tena bila programu hii, na kila kompyuta mpya inayoingia ofisini huwekewa Hadolint kabla haijawekewa Docker yenyewe. Mvua zilizofuata zilikata intaneti yetu tena, safari hii mchana wa Ijumaa, ujenzi ukiwa umefika kwenye mstari uleule wa vituo. Terminali iliandika kosa kwa rangi nyekundu na kusimama. Tulisubiri mtandao urudi, tukajenga upya, na makarani wa Nandi hawakujua kama kulikuwa na tatizo.