Sanduku la hisa huku Jambiani kwa pesa za dharura: nyota 4 kati ya 5

Kama unatafuta pa kuweka pesa za dharura na kipato chako ni cha kuungaunga kama changu, mie nasema sanduku la hisa ni bora kuliko upatu, kuliko kibubu na kuliko kuacha pesa kwenye simu. Mie nalipatia nyota 4. Ile ya tano nalinyima kwa sababu moja kubwa ntakayoieleza huko chini, na inahusu dharura yenyewe, kwa hiyo usome mpaka hapo kabla hujaenda kuomba uanachama.

Kwa asiyejua, hisa ni vile vikundi vya kuweka na kukopa, watu 15 mpaka 30 hivi wanaojuana, wananunua hisa kila kikao, wanakopeshana, mwaka ukiisha wanavunja sanduku wanagawana. Mfumo wenyewe ulianzia Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, hapa Unguja ukaingia kupitia mradi wa hifadhi ya Jozani na ghuba ya Chwaka, ndo mana watu wengi wa kusini bado wanaita JOSACA (kifupi cha Kiingereza cha chama cha kuweka na kukopa cha Jozani), na wenzetu wa Pemba wana PESACA yao. Hakuna benki inayokaa katikati wala hakuna bosi, pesa ni za wanachama na sheria wanatunga wenyewe, kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya kikundi chetu, chako kinaweza kuwa na bei nyengine na sheria nyengine.

Kikao chetu ni kila maji mafu, yani siku ambazo bahari haipwi sana. Bamvua, bahari inapopwa mbali, wanawake wote wapo pwani kwenye mashamba ya mwani, hutompata hata mmoja wa kukaa barazani, kwa hiyo tunafata mwezi wa Kiislamu, tarehe 7 au 8 na tena 22 au 23, yani mara mbili kwa mwezi na hakuna anaesema nilisahau. Tunakaa chini kwenye mkeka kwa mzunguko kila mtu na namba yake, sanduku katikati, la chuma, lina kufuli tatu. Funguo wanazo watu watatu wa nyumba tatu mbali mbali na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne, kwa hiyo hata mtu akiingiwa na tamaa inabidi awashawishi watatu wote, na kwa kijiji hiki neno litafika msikitini kabla yeye hajafika kwa wa pili. Likishafunguliwa, kabla mtu hajatoa hata shilingi, katibu anauliza "kikao kilichopita jamii ilibaki shingapi?" (jamii ni mfuko wetu wa kusaidiana) na watu wote wanajibu kwa mdomo, na kuna bi mkubwa mmoja hajui kusoma wala kuandika lakini mara nyingi yeye ndo wa kwanza kuitaja mpaka ile mia ya mwisho. Pesa inamwagwa kwenye sinia, inahesabiwa mbele ya macho ya watu, ikilingana ndo tunaanza. Unaitwa kwa namba, unanunua hisa moja mpaka tano, zaidi ya tano hairuhusiwi hata uwe nazo, unapigwa mhuri kwenye kitabu chako, na zile nafasi ambazo hukununua zinapigwa mstari hapo hapo ili mtu asije akaongeza mhuri baadae. Hicho kimstari mie nakipenda sana jamani, ni kitu kidogo lakini kinafunga mlango mkubwa wa wizi.

Kwetu hisa moja ni 3,000. Ukinunua moja moja tu kila kikao mwaka unatoka na kama 72,000, ukijikaza tano tano ni 15,000 kwa kikao, 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Kwa wengine ni pesa ndogo, ila ntakwambia kwa mtu wa Jambiani ni ya nini. Mie kazi yangu ni kufua na kupiga pasi kwenye hoteli moja ndogo, na wote wa pwani mnajua masika ikiingia wageni wanakauka, Aprili na Mei hoteli nyengine zinafunga kabisa, sisi tunaambiwa nendeni nyumbani tutawaita, na mshahara unakatika siku hiyo hiyo. Kila mwaka! Halafu 2020 ikaja corona, hoteli zikafunga na watu wakajua kumbe masika inaweza kuja hata pasipo mvua. Kwa hiyo wanaosema mfuko wa dharura uwe matumizi ya miezi mitatu mpaka sita wapo sawa, lakini mie napima hivi: masika moja na safari moja ya hospitali. Mchele, unga, umeme na nauli za watoto za skuli kwa ile miezi miwili mitatu, na juu yake gari ya kukodi usiku mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja mjini na dawa. Ukiwa na hiyo umekaa salama.

Nilivyosema ni bora kuliko upatu sina maana upatu ni mbaya, upatu nimecheza na bado nacheza na wenzangu wa kazini, unanunulia friji, unanunulia godoro. Lakini zamu yako ni zamu yako, ugonjwa haungoji namba yako ifike, na ukishapokea mwanzo basi miezi yote iliyobaki wewe ni mtu wa kulipa tu. Kibubu kipo uvunguni, kinavunjwa na njaa ya siku moja. Dhahabu ndo benki ya mama zetu na mie naiheshimu, bangili imesomesha watu hapa, ila ukiirudisha kwa sonara ile pesa ya ufundi uliyolipa hairudi na siku una shida unapokea bei yoyote utakayopewa. Simu ni rahisi mno kuitoa, ipo mkononi, mtoto akitaka viatu unabonyeza tu, na kila ukibonyeza kuna makato.

Sanduku linakushinda nguvu, ndo uzuri wake. Pesa ikishaingia haitoki mpaka kuvunja, unachoweza ni kukopa, na kwetu unakopa mpaka mara tatu ya hisa zako unarudisha ndani ya miezi mitatu.

Sasa suala la riba, mana najua litakuja. Vikundi vingi vinatoza asilimia fulani kila mwezi kwenye mkopo na hiyo ndo faida wanayogawana mwisho wa mwaka, na kuna watu wanajitetea kwamba pesa inarudi kwetu wenyewe. Mie hilo sikulikubali na kikundi chetu hakitozi, umekopa 100,000 unarudisha 100,000. Faida tunatafuta kwa biashara, kabla ya Ramadhani tunatoa pesa ya sanduku tunanunua mchele, sukari na unga kwa jumla mjini, tunawauzia wanachama na majirani kwa bei ambayo bado ni chini ya duka, kinachozidi kinagawanywa kwa hisa. Faida yake si kubwa kama ya wenye riba, tusidanganyane, lakini mtu unalala. Ukienda kujiunga popote uliza hili mwanzo kabisa, usije ukagundua siku ya kugawana.

Pesa ya kununulia hisa inatoka wapi? Mshahara wa hoteli mie siugusi, ule ni wa nyumba. Hisa zangu zinatoka kwenye sinia la jioni, bagia, kachori na chatne ya nazi, naweka kimeza nje ya nyumba baada ya alasiri mpaka magharibi, na kila siku kabla sijaingia ndani natoa kwanza mtaji wa kesho, dengu, mbatata, mafuta, halafu kinachobaki ndo faida na nusu yake inaingia kwenye kopo la hisa hapo hapo. Nusu, hata kama ni 1,500. Ramadhani biashara inageuka, watu wanataka mikate ya kumimina ya futari, na ule mwezi ndo nanunua hisa tano tano bila kuhema. Wenzangu wengi kwenye kikundi wanategemea mwani na huko hali ni ngumu, aina ya mwani inayoitwa cottonii, yenye bei nzuri, inakufa kwa sababu maji yamekua ya moto, imebaki aina ya spinosum ambayo inaota vizuri lakini kilo yake inanunuliwa kwa bei ya kusikitisha, mtu anakaa wiki sita anafunga kamba, anavuna, anaanika, anaanua mvua ikija, halafu anapokea pesa ya kununulia hisa mbili. Wanaosaga na kutengeneza sabuni wakauzia wageni wanapata zaidi, na nawasihi dada zangu wa mwani tuangalie huko, mana mwani ni ule ule na mikono ni ile ile.

Na ile nyota.

Kila kikao mbali na hisa kila mtu anatoa 500 ya mfuko wa jamii. Tupo 25, kwa hiyo ni 12,500 kwa kikao, na hii si mkopo, mtu akiuguliwa anapewa 30,000, akifiwa 50,000, harudishi. Kwa mie hicho ndo kitu cha thamani zaidi kwenye mfumo wote. Lakini siku moja mtoto wa mwenzetu alipatwa na degedege usiku, mama yake akaja mbio kwa mwenye sanduku, sanduku lipo, pesa zipo ndani, na mmoja wa wenye funguo alikua ameenda harusini mjini na ufunguo wake mkobani. Kufuli mbili zimefunguka, ya tatu haifunguki. Tukachangishana barazani watu wamejifunga kanga tu, jirani mmoja akatoa vespa, mtoto akafika hospitali ya Makunduchi, alhamdulillah mzima mpaka leo. Ila mie sikulala. Kufuli zinazozuia mwizi zimemzuia na mwenye shida, na sheria zetu hazikua na neno hata moja la nini kifanyike usiku wa manane.

Tulilijadili kikao kizima na watu walipandisha sauti kweli kweli, wengine wanataka zibaki kufuli mbili, wengine wanasema ukitoa moja umetoa zote. Mwisho tukakubaliana kufuli tatu zibaki, ila sehemu ya mfuko wa jamii, ya kutosha wagonjwa wawili, ikae kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa mweka hazina na haitumiki kwa kitu chengine chochote. Kila kikao anawasha simu anaonesha salio na meseji zote, simu inazunguka mkononi kwa kila mtu. Makato ya kutoa yanabebwa na mfuko, si na mgonjwa. Tangu hapo pesa imetoka usiku zaidi ya mara moja na imemkuta mtu kwa wakati. Kikundi kisichokua na njia kama hii mie ningekipa nyota 3 tu hata kingekua na faida gani.

Na wewe mwenyewe usiweke kila kitu kwenye sanduku. Mie kwenye simu yangu hua naacha pesa ya gari ya usiku tu, haizidi hapo ili nisiitie mkono, iliyobaki ipo kwenye hisa.

Jengine ni siku ya kuvunja. Vikundi vingi vinavunja kabla ya Ramadhani au Idd na nawaelewa, nguo za watoto, vyakula, wageni, lakini pesa iliyokusanywa mwaka mzima inaisha ndani ya wiki mbili na masika inamkuta mtu mweupe. Sisi tumepiga kura tunavunja mwanzo wa Aprili kila mwaka, hapo hapo wageni wanapoondoka. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi kwa hiyo Idd inakua ishapita na pesa inapokelewa na kichwa kilichotulia, ila mfungo unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na Aprili haisogei, kwa hiyo hilo halitotusumbua kwa miaka mingi ijayo. Walioshindwa kura walinuna, sa hivi wao ndo wanaotetea. Ukipokea na una kiasi cha kueleweka, toa ya masika, iliyobaki ipeleke benki, mie natumia benki ya PBZ upande wa Ikhlas, ule wa Kiislamu, kwa sababu ile ile ya riba, na nauli ya mjini na kurudi inanifanya nifikiri kabla sijaenda kuitoa.

Kujiunga kwetu unahitaji wanachama wawili wa kukudhamini, unanunua kitabu chako, na huchukuliwi katikati ya mwaka, mpaka sanduku livunjwe. Kwa walio mbali na Jambiani, ulizeni kwa sheha, yani kiongozi wa serikali wa mtaa, karibu kila shehia huku kusini ina kikundi. Kabla hujatoa hisa ya kwanza omba ukae kikao kimoja kama mgeni uangalie wanavyohesabu, uulize sanduku linalala kwa nani, funguo zipo nyumba zipi, na mtu akiumwa saa nane za usiku anagonga mlango gani.