Kirekebisha koma na lenzi ya Barlow: nunua kwa kuangalia umbali

Nilinunua kirekebisha koma (lenzi za kuondoa koma, yaani kasoro inayozipa nyota za pembezoni mikia) na lenzi ya Barlow (inayoongeza ukuzaji wa darubini) kwa pamoja, kwa muuzaji aliyenihakikishia kuwa yoyote inaweza kutangulia. Nikatanguliza Barlow, na nyota za pembezoni zikabaki na mikia yao.

Darubini yangu ni ya Newton, yaani ya kioo kikuu kilichopinda, f/4 (fokasi ni mara nne ya kipenyo cha kioo), yenye urefu wa fokasi wa milimita 1200. Wengi hudhani Barlow hupunguza koma. Kwa lenzi ileile ya jicho, Barlow ya 2x hukuonyesha pembezoni sehemu iliyo nusu ya umbali kutoka katikati, ambako koma nayo ni nusu, kisha huikuza mara mbili. Jicho linaona mkia uleule. Kirekebisha koma lazima kitangulie, kipokee mwanga kama ulivyotoka kwenye kioo kikuu, ndipo ifuate Barlow.

Kasoro isiyosemwa ni umbali. Kila kirekebishaji kimesanifiwa ili taswira iundwe milimita kadhaa mahususi baada ya lenzi yake ya mwisho, na Barlow huudaka mwanga kabla haujafika hapo. Cha kulinda, basi, ni mahali ambapo taswira ingeundwa kama Barlow isingekuwapo.

Kwa sababu hiyo naweka mbele, bila kuficha upendeleo wangu, kirekebisha koma Paracorr Type 2 ya Tele Vue, iliyosanifiwa kuhudumia hadi f/3, ambayo kichwa chake husogezwa ili kupata umbali unaofaa. Hurefusha fokasi mara 1.15, hivyo yangu huwa milimita 1380. Nikiongeza Powermate ya 2x, ya Tele Vue pia, inayofanya kazi ya Barlow, huwa 2760, na lenzi ya jicho ya milimita 10 hukuza mara 276. Naichagua Powermate kwa kuwa ukuzaji wake haubadiliki sana lenzi ya jicho ikisogezwa, tofauti na Barlow ya kawaida.

Ya pili ni HR ya Explore Scientific, inayorekebishika pia na kurefusha mara 1.06 tu. MPCC Mark III ya Baader, yenye umbali wa milimita 55, naiachia kamera isiyo na Barlow. Za bei nafuu zisizorekebishika zinamfaa aliye tayari kupima umbali mwenyewe kwa pete za kuurefusha.

Wauzaji huandika “2x” kwa herufi kubwa na kuacha umbali. Niliporudisha bidhaa yangu nilikataliwa kwa hoja kwamba vioo havina kasoro, na kweli havikuwa nayo. Kilichokosekana ni karatasi inayotaja milimita.