Tangi la samaki la kuagizia: uchague njia gani ya kutolea maji?

Katika tangi la aina hii, maji hushuka kwa bomba hadi tangi la chini, kisha pampu huyarudisha juu kwa bomba la kurudishia. Hapa Unguja, cha kumuuliza fundi kabla ya bei ni hiki: umeme ukikatika saa nane za usiku kisha ukarudi, maji yatakwenda wapi? Umeme wetu unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na waliokuwepo umeme ulipokatika kwa muda mrefu 2008, au ile Disemba 2009 hadi Machi 2010, wanajua maana yake. Kwa hiyo njia hizi nimezipanga kuanzia iliyo salama zaidi.

Ya kwanza ni mabomba matatu, mtindo uitwao BeanAnimal. Bomba moja hujaa maji bila hewa, ndiyo maana halivumi, na valvu hulidhibiti. La pili huchukua maji kidogo yanayozidi. La tatu hukaa kavu, likingojea siku mwani utakapoziba la kwanza. Umeme ukirudi, mfumo huanza wenyewe. Gharama imezidi, lakini kwa tangi la sebuleni mimi ningelipa. Ncha ya bomba la kwanza izame sentimita 2 au 3 tu kwenye tangi la chini. Ikizama sana hewa haitoki, na mvuto, yaani maji kujivuta yenyewe ndani ya bomba lililojaa, hauanzi.

Valvu iwe ya plastiki. Za shaba zinafaa mabomba ya nyumba, lakini wengi wetu tunatumia maji ya bahari, na chumvi huila shaba. Shaba ikishaingia majini, kamba na matumbawe ndio wa mwanzo kufa.

Ya pili, mabomba mawili, mtindo uitwao Herbie: moja la mvuto, moja la dharura. Kimya chake kizuri na ni nafuu, ila valvu itataka kurekebishwa mara kwa mara. La dharura liweze kubeba maji yote ya pampu peke yake.

Ya tatu, bomba moja tu, mtindo uitwao Durso, ni ya tangi dogo. Likiziba, hakuna jengine.

Kisanduku cha kuning'iniza ukingoni mwa tangi, chenye bomba la U, usinunue. Hewa ikijaa humo mvuto hukatika, na pampu itaendelea kupandisha maji hadi yamwagike sakafuni. Watu hukipenda kwa kuogopa kutoboa kioo. Basi kitobolewe kabla ya kuunganishwa, na kisiwe cha tempa (kioo kilichoimarishwa kwa moto), maana hicho ukikitoboa hupasuka chote.

Tangi la sentimita 120 kwa 50, bomba la kurudishia likizama sentimita 5, litashusha lita 30 pampu ikizimika. Tangi la chini liwe na nafasi hiyo. Usimmalizie fundi pesa zake mpaka mzime pampu na kuiwasha tena mara kadhaa, naye akiwepo.