Faili la elfu themanini lililonionyesha wiki ya njaa

Nashona sare za shule hapa Morogoro, mitaa ya nyuma ya Soko Kuu la Chifu Kingalu, mwaka wa kumi na moja sasa. Vyerehani sita, overloku moja, mafundi wanne wa kudumu na wawili wa msimu. Natanguliza haya ujue kwamba anayeandika si mhasibu. Hesabu zangu zilikaa kwenye kaunta buku la kwaya tatu, na zilizobaki zilikaa kichwani.

Agosti 2024 nililipa shilingi 80,000 nikakaa Jumamosi nzima kwenye ukumbi wa gesti moja kule Msamvu, tukifundishwa na kijana mmoja mhasibu namna ya kukadiria pesa itakayoingia na itakayotoka kabla haijaingia wala kutoka. Yeye anaita makadirio ya mtiririko wa fedha. Ndani ya hiyo elfu themanini kulikuwa na darasa, wali kuku na soda, faili la Excel linalofunguka kwenye simu au kompyuta, na mwezi mmoja wa kumuuliza maswali WhatsApp. Wengi wameniuliza kama hela yangu ilienda bure. Nimesubiri msimu mzima upite ndipo nijibu.

Kwanza niseme kilichonipeleka. Msimu wa 2023 shule moja ya binafsi ilinipa oda ya seti 240. Nilifurahi hadi nikamnunulia kila fundi chipsi. Vitambaa nilichukua Kariakoo, nusu taslimu, nusu mali kauli. Tukashona usiku na mchana. Kwenye daftari langu oda ile ilikuwa na faida ya zaidi ya milioni nne, na hesabu haikuwa na kosa hata moja. Ila tarehe 20 Desemba mafundi wamesimama mlangoni na mabegi yao wanataka hela ya kwenda kwao sikukuu, mwenye vitambaa anapiga simu kila asubuhi, na mimi kwenye droo nina elfu sitini na mbili. Nikaenda kwa wale wa kausha damu. Nikachukua 1,500,000, nikarudisha 1,950,000 ndani ya mwezi mmoja. Shule ilikuja kulipa Machi. Kwa hiyo mtu ana faida ya milioni nne na bado anakopa hela ya nauli za mafundi. Mume wangu aliniuliza hiyo faida naiweka wapi, nikakosa jibu.

Basi darasani. Tulikuwa kumi na wawili: mwenye duka la pembejeo, mama ntilie wawili, kijana wa vipuri vya bodaboda, mama wa mayai, na wengine. Saa ya kwanza mwalimu aliipoteza kwa kujieleza alikosoma. Ya pili akaanza kazi, na hapo nitamsifu bila kinyongo, maana hakutupa nadharia. Alituambia kila mtu aandike wateja anaowadai, halafu akaanza kupita meza kwa meza. Kwangu ilikuwa hivi:

"Mama, hii shule itakulipa lini?"

"Januari."

"Januari tarehe ngapi?"

"Shule zikifungua. Wazazi wakilipa ada."

"Mwaka jana walisema hivyohivyo?"

"Walisema."

"Wakalipa lini?"

"Machi."

"Basi andika Machi."

Wenzangu walicheka, nami nikacheka, lakini neno lile ndilo nililolinunua kwa elfu themanini. Miaka yote nilikuwa naandika tarehe ya ahadi. Kwenye faili kila mteja wa mkopo unampa tarehe kwa mwendo wake mwenyewe, siyo kwa maneno yake. Nina mwalimu mkuu mmoja mpole sana, anayesalimia mpaka watoto wangu kwa majina, analipa baada ya siku sabini. Na kuna sista mmoja mkali, hapokei sketi kama marinda yamepishana hata kidogo, lakini hulipa siku ya tano. Kichwani mwangu yule mpole ndiye alikuwa mteja mzuri.

Faili lenyewe linafanya kazi ya kawaida kabisa. Juu kuna salio la kuanzia, yaani hela uliyonayo leo: droo, benki, na kwenye simu. Chini yake zinazoingia, kisha zinazotoka, kisha salio la mwisho, ambalo linahamia lenyewe kuwa salio la kuanzia la safu inayofuata. Salio likishuka chini ya sifuri, seli inakuwa nyekundu. Hakuna uchawi hapo, hata kwenye kaunta buku unaweza kuchora ukiwa na rula na subira. Nilijaribu. Tatizo la daftari ni kwamba ukibadilisha namba moja ya wiki ya pili, unafuta na kuandika upya hadi mwisho wa ukurasa, na mtu mwenye vyerehani sita hana jioni ya namna hiyo.

Mistari ya TRA ameiweka vizuri: awamu za kodi ya mapato zimekaa tayari mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kabla ya hapo awamu ya Desemba ilikuwa inanikuta kama mgeni wa usiku kila mwaka, ilhali tarehe yake ni ileile.

Sasa kasoro, na siyo ndogo.

Vichwa vyote vilikuja kwa Kiingereza. Mama wa mayai alikaa hadi mchana akijaza mauzo kwenye mstari wa mikopo. Seli za hesabu amezifunga kwa nywila, nadhani ili tusiharibu, lakini ukitaka kuongeza mstari wako huwezi mpaka umwombe. Na mistari ya kuongeza ilikuwepo mingi! Hakuweka matumizi ya nyumbani, kana kwamba biashara zetu na sufuria zetu havijuani. Hakuweka ada za watoto, kikoba, wala michango. Mfanyabiashara gani wa Tanzania hana michango? Kati ya Oktoba na Desemba mwaka ule nilikuwa na kadi za harusi tatu, na hiyo ni hela inayotoka kama umeme unavyotoka. Wala hakukuwa na mstari wa makato ya kutoa hela kwenye simu. Kwa mtu kama mimi ambaye wazazi wengi wananilipa kwa lipa namba, makato ya mwezi yanalisha mtu.

Kubwa kuliko zote ni safu za mwezi. Faili lilikuwa na safu kumi na mbili, Januari hadi Desemba. Nikajaza mwanzoni mwa Oktoba, nikatazama Desemba: inaisha na ziada ya 310,000. Kijani kabisa. Mimi niliyesimama mlangoni na mafundi mwaka uliopita nikajua kuna kitu hakijasemwa. Desemba yangu ni miezi miwili ndani ya mmoja. Hadi tarehe 22 hela inatoka tu. Baada ya Krismasi wazazi wanaanza kuja, na siku za mwisho za mwaka zinafukia shimo la katikati. Ukijumlisha mwezi mzima shimo halionekani. Lakini fundi humlipi Krismasi yake tarehe 31.

Nilimwandikia mwalimu WhatsApp. Dakika kumi hazikuisha akanitumia jingine, la wiki 13, yaani robo ya mwaka, wiki kwa wiki. Nilishukuru, kisha nikakasirika: kama alikuwa nalo, kwa nini hakutupa sote siku ile? Akajibu kwamba la wiki "linachosha wanaoanza". Kijana, njaa inachosha zaidi.

Nikaanza wiki ya Jumatatu tarehe 7 Oktoba. Vichwa nikavitafsiri mwenyewe, nikaongeza mistari yangu (alinipa nywila baada ya kusumbuliwa siku mbili). Nilipomaliza kujaza, wiki ya 11, ile inayoishia tarehe 22 Desemba, ikawa nyekundu. Naiweka hapa kama ilivyokuwa. Naanza wiki na 640,000. Mauzo ya dukani 900,000. Zinazotoka: mafundi pamoja na chochote cha sikukuu 1,150,000, vitambaa 800,000, masweta 350,000, nyumbani 200,000, michango 100,000, umeme 70,000, kikoba 50,000. Jumla 2,720,000. Salio: pungufu 1,180,000.

Ni karibu kiasi kilekile nilichokwenda kukopa mwaka uliotangulia. Tofauti ni kwamba safari hii nilikuwa nakiangalia Oktoba, nimekaa, nakunywa chai, na mwenye vitambaa hajaanza kupiga simu.

Nilifanya mawili. Shule iliyonipa oda ya seti 180 kwa 45,000 nikaiambia sianzi kukata kitambaa bila asilimia 40 mkononi. Miaka kumi sikuwahi kuthubutu kutamka hivyo, nilidhani watakwenda kwa mwingine. Wakavutana na mimi, tukaishia asilimia 30, yaani 2,430,000. Pili, nilimfuata mwenye fremu mapema. Kodi ya miezi sita, 1,800,000, huwa anaitaka tarehe mosi Januari, kabla wazazi hawajamaliza kununua. Nikamwomba miezi mitatu kwanza na mingine mwisho wa Januari. Alinung'unika, akakubali. Naamini angekataa kama ningekwenda tarehe 30 Desemba nikiwa na uso wa shida.

Ile hela ya shule ilipoingia kwenye faili, wiki ya 11 ikawa 1,250,000 za ziada. Hali halisi ikaja 415,000. Mvua za vuli zilifukuza wateja siku kadhaa, mota ya overloku ikaungua ikala 260,000, na mpwa wangu akaamua kuoa. Kwa hiyo kama unataka faili litakalokuambia kesho kwa shilingi, hili silo, na nadhani halipo. Nilikosea kwa zaidi ya laki nane. Lakini mafundi waliondoka Jumamosi tarehe 21 na hela zao zote, nami sikupiga hodi kwa mtu. Fundi wangu mkubwa sasa analiita "karatasi ya njaa". Kila Jumatatu asubuhi ananiuliza: "Mama, karatasi ya njaa inasemaje?"

Jumatatu ndiyo siku yake kweli. Nusu saa, na chai: nafuta wiki iliyopita, naandika kilichotokea, naongeza wiki moja mbele. Ukiacha wiki tatu bila kugusa limekufa, uanze upya. Kijana wa vipuri aliacha mwezi wa pili. Anasema biashara yake ni taslimu kwa taslimu, haoni maana, na huenda yuko sahihi, maana anauza leo na kununua kesho. Mama ntilie mmoja naye aliacha kwa sababu hiyohiyo. Ila wewe unayekopesha, unayenunua mzigo miezi miwili kabla ya kuuza, au unayelipa kodi ya fremu kwa miezi sita, usinisikilize nusu nusu.

Kabla ya hapo nilishajaribu programu moja ya simu ya kurekodi mauzo, 15,000 kwa mwezi. Nzuri, ina rangi, inatoa risiti. Lakini ilikuwa inanionyesha jana tu, na jana nilishaiona.

Kwa mwenye simu ndogo: faili linafunguka, ila safu 13 kwenye kioo cha simu ni kama kusoma gazeti kupitia tundu la ufunguo. Mimi natumia kompyuta chakavu ya binti yangu.

Mwalimu nampa nyota nne kwa lile swali la tarehe, faili la kwanza mbili, la wiki nne na nusu baada ya kulishona upya mwenyewe. Juzi alinipigia kuniambia darasa lijalo litakuwa 100,000, akaniomba niende nikashuhudie mbele ya watu. Nimemwambia nitakwenda akishaweka mstari wa michango.